Bustani za Nyumbani: Majirani Wapeane Miche, Wasipeane Magonjwa

Desturi ya majirani na marafiki kutembeleana bustani, kupeana miche na kushauriana kuhusu upangaji wa matuta ni ya siku nyingi. Mwenye matembele humkatia jirani marando, naye hurudishiwa mbegu za mnafu au chipukizi la mgomba. Kwa njia hiyo kaya hupata mboga bila kwenda sokoni kila siku, na mbegu za asili zisizopatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo huendelea kuwapo. Hata hivyo, mkono uleule unaopeleka mche unaweza kupeleka ugonjwa. Makala haya yanaeleza namna ya kupanga bustani na kubadilishana miche kwa usalama.

Umuhimu wa mboga za nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kaya yenye watu wazima wanne huhitaji zaidi ya kilo moja na nusu kila siku, kiasi ambacho ni mzigo kwa mfuko wakati wa kiangazi. Mchicha huanza kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa. Matembele yakitunzwa huchumwa kwa miezi mingi kutoka katika tuta lilelile.

Kupanga eneo

Mfano mzuri wa mpangilio wa bustani ni kihamba cha Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro. Miti mirefu hukaa juu, migomba hufuata, kahawa huota katika kivuli cha migomba, na magimbi pamoja na mboga hufunika ardhi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo katika eneo la Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Ua mdogo nao unaweza kupangwa kwa busara hiyohiyo. Kabla ya kuchimba, mwenye bustani aangalie jua linapita wapi. Nyanya, pilipili na bilinganya zihitajizo jua la kutwa zipewe sehemu ya wazi. Mboga za majani huvumilia kivuli cha saa chache. Mimea mirefu isiwekwe mahali itakapoifunika mifupi. Matuta yasiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba, kwa kuwa unyevu hudhoofisha msingi. Pasipo na ardhi ya kutosha, gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, hubeba miche juu na ubavuni.

Ugonjwa husafirije?

Magonjwa mengi ya bustani hayaonekani siku mche unapotolewa. Batobato ya muhogo na virusi vya viazi vitamu husafiri ndani ya pingili na marando, kisha huenezwa zaidi na nzi weupe. Mnyauko wa bakteria unaoshambulia nyanya hukaa katika udongo, hivyo hubebwa na miche, majembe na hata viatu. Mnyauko wa migomba, ulioleta hasara kubwa mkoani Kagera tangu miaka ya 2000, huenea kwa machipukizi na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Hauna dawa ya kuuponya. Mgomba ulioambukizwa huondolewa.

Nyanya inaponyauka ghafla ilhali majani bado ni ya kijani, kipo kipimo rahisi. Kipande cha shina kikatwe karibu na ardhi na kuning'inizwa katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, hiyo ni dalili ya mnyauko wa bakteria. Miche ya bustani hiyo isigawiwe mtu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, anayepokea mche autazame mmea mama, si mche peke yake. Majani yenye mabaka ya njano, yaliyojikunja au kudumaa ni sababu ya kukataa kwa heshima.

Pili, panapowezekana, majirani wapeane mbegu badala ya miche yenye udongo, nazo zitoke kwenye mimea yenye afya.

Tatu, panga na visu visafishwe kwa dawa ya klorini au kupitishwa motoni kabla ya kuhamia bustani nyingine.

Nne, mche mgeni upandwe pembeni na kuangaliwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na mingine.

Tano, nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnafu na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Mimea hiyo isifuatane katika tuta moja. Palipovunwa nyanya pafuate mchicha au kunde.

Huduma katika kata

Mkazi anayeona dalili zilizotajwa anashauriwa kumwarifu afisa ugani wa kata au kijiji mapema, kabla ya kung'oa mimea yote au kununua dawa. Asiyemfahamu aulize katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au Kijiji. Marafiki wanaolima bustani jirani wanaweza kumwalika kwa pamoja akague zote kwa siku moja, kwa kuwa ugonjwa ulioachwa katika ua mmoja hurejea katika nyua zilizotibiwa.