Kivuli Nacho ni Haki ya Mtoto

Nilipokuwa chuoni, tulikuwa na mwenzetu aliyezaliwa na ualbino. Siku hizo watu wakimwita zeruzeru, naye akiitika, maana angefanyaje? Tukisoma juu ya jamvi, chini ya mwembe. Kila kivuli kikihama, yeye ndiye aliyebaki juani, kwani sisi wakubwa hatukumpisha. Masikio na shingo yake havikupona kubabuka. Tukidhani ndiyo maumbile yake. Kumbe ni jua.

Weusi wa ngozi ni ngao, japo si kamili. Mwenye ualbino hana ngao hiyo, au anayo kidogo mno. Leo jua humbabua, kesho humtia madoa, na miaka ikipita laweza kumletea saratani ya ngozi angali kijana. Na Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na wa Oktoba jua hutupita utosini hasa, na mchanga mweupe wa pwani huirudisha miale hata kwa aliye chini ya mwavuli.

Wazee wetu walilijua jua. Vichochoro vyembamba vya Lamu, baraza, kanzu ya mikono mirefu, vyote ni kinga. Na katika Surat an-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya vivuli, na ya nguo zituepushazo na joto.

Basi mzazi, mvishe mwanao nguo ndefu na kofia ya ukingo mpana. Hizi kofia zetu za viua hazifuniki masikio wala shingo. Tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni asicheze juani, hata kukiwa na mawingu. Mafuta ya nazi hayatoshi. Mpake mafuta ya kukinga jua, ya namba 30 au zaidi, kabla hajatoka, kisha umrudie kila baada ya saa mbili. Akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, usingoje, mpeleke hospitali.

Mwenzetu yule alifariki kabla ya kutimiza miaka thelathini, kwa kidonda kilichoanzia sikioni. Nikiukumbuka ule mwembe najuta. Kumpisha kungetugharimu nini? Kusogea shubiri moja tu.