Dawa ya Upara kwa Wanaume: Kupima Hofu na Faida

Upara wa kurithi si maradhi yanayohatarisha maisha. Wanaume wengi wa Unguja huzeeka nao kwa amani, kofia kichwani au bila kofia. Wapo hata hivyo vijana ambao kupotea kwa nywele huwaondolea raha, nao huulizia finasteridi katika maduka ya dawa ya Mji Mkongwe na Darajani. Mara nyingi swali lao la kwanza halihusu nywele: je, kidonge hiki hakitamaliza nguvu za kiume?

Finasteridi huzuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, daihaidrotestosteroni, ambayo husinyaza mashina ya nywele kwa aliyerithi hali hiyo. Kiwango cha miligramu 5 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume. Cha miligramu 1, kwa ajili ya upara, kiliidhinishwa mwaka 1997. Kwa kuwa dawa hugusa homoni za kiume, hofu ya watumiaji ina msingi. Linalobaki ni kuipima.

Katika majaribio ya mwaka mmoja ya miligramu 1, takriban wanaume 38 kati ya 1,000 waliotumia dawa walipata tatizo la tendo la ndoa: kupungua hamu, udhaifu wa kusimamisha uume au kasoro ya kutoa manii. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa takriban 21 kati ya 1,000. Hivyo tofauti inayoweza kuhusishwa na dawa yenyewe ni kama wanaume 17 katika kila 1,000. Wengi wao hupata nafuu wanapoiacha.

Hofu nayo ina athari zake. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulihusu wanaume waliotumia miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume. Walioelezwa mapema juu ya madhara ya tendo la ndoa waliyalalamikia kwa kiasi cha 44 kwa kila 100. Wasioelezwa, 15 kwa kila 100. Matokeo haya hayampi mtoa huduma ruhusa ya kumficha mgonjwa. Yanamtaka aeleze kwa takwimu na kwa utulivu, bila kutisha wala kudharau.

Wala si kila lalamiko ni la mawazo tu. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa yataje kwamba baadhi ya wanaume wameripoti matatizo yaliyoendelea hata baada ya kuiacha. Mwaka 2025 mamlaka ya Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge vya finasteridi, ingawa ni mara ngapi hutokea halijulikani. Kwa hiyo aliyewahi kuugua sonona aseme kabla ya kuandikiwa. Na atakayeona huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru aiache dawa na aende hospitali bila kuchelewa.

Mambo mengine matatu yazingatiwe. Kwanza, mjamzito asishike vidonge vilivyovunjwa au kusagwa, kwani dawa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Anayekata kidonge cha miligramu 5 ili kupunguza gharama anaiweka hatari hiyo ndani ya nyumba yake. Pili, dawa hupunguza kipimo cha damu cha PSA kwa karibu nusu. Asiyemwambia daktari kuwa anaitumia anaweza kuambiwa yu salama kumbe saratani ya tezi dume imejificha. Tatu, anayetafuta mtoto amweleze daktari, kwani kwa baadhi ya wanaume ubora wa mbegu hushuka.

Faida nayo ipimwe kwa haki. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, na mtu akiacha, nywele alizozipata hupotea ndani ya mwaka mmoja. Minoksidili ya kupaka haizuii homoni hiyo, japo huweza kuwasha ngozi na kuongeza kunyonyoka katika wiki za mwanzo. Na nywele zinazotoka kwa mabaka, magamba au ghafla zichunguzwe kwanza, kwani huenda si upara wa kurithi.

Mwanamume akishajua haya, anaweza kuanza dawa, kungoja, au kuuacha upara wake kama ulivyo. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni wa busara.