Ngoma ya Elektroniki: Jinsi ya Kuifunga na Kutafuta Kasoro Zake

Ngoma ya ngozi ikififia, mpigaji huisogeza karibu na moto, ngozi ikakauka na kukaza, na mlio wake ukarudi. Kasoro na dawa yake huonekana kwa macho. Ngoma ya elektroniki si hivyo. Mwanafunzi aipigapo isilie hudhani imekufa, na pengine chombo cha bei kubwa hutupwa ghalani kwa sababu ya waya mmoja uliokatika. Katika makala hii tutaonyesha kwamba kasoro nyingi za chombo hiki zaweza kutambuliwa bila ya kipimo chochote, ili mradi mtu afahamu njia ipitwayo na pigo toka kwenye mkwiro hadi sikioni.

Safari ya pigo

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za namna fulani, kwatzi ikiwa mojawapo, hutoa chaji za umeme zinapokandamizwa. Tabia hiyo ndiyo msingi wa ngoma ya elektroniki. Chini ya kila pedi hubandikwa kisahani chembamba cha metali chenye tabaka la kauri yenye tabia hiyo hiyo. Kisahani hicho huitwa piezo. Mkwiro unapogonga pedi, kisahani hutikisika na kutoa volti kwa muda mfupi sana. Kadiri pigo linavyokuwa na nguvu, ndivyo volti zinavyozidi.

Pedi yenyewe, basi, haina mlio wa ngoma. Waya huzipeleka volti hizo kwenye kisanduku cha sauti, ambacho kwa hakika ni kompyuta ndogo. Kisanduku hufanya kazi tatu. Kwanza, hutazama kama volti zimevuka kizingiti kilichowekwa. Pili, hupima kilele chake na kukipa namba; katika utaratibu wa MIDI, ulioanza kutumika mwaka 1983, nguvu ya pigo huandikwa kwa namba 1 hadi 127. Tatu, huchagua katika kumbukumbu yake mlio unaolingana na pedi ile na nguvu ile, kisha huupeleka kwenye visikizio au kipaza sauti.

Kuifunga

Simamisha fremu mahali tambarare, juu ya zulia zito ili isiteleze. Kaza vibano vyote, na uhakikishe kwamba hakuna pedi wala toazi linalogusa jingine. Unganisha nyaya zote kabla ya kuwasha umeme, kila waya katika tundu lenye jina la pedi yake. Adapta iwe ile iliyokusudiwa. Yenye volti tofauti, au iliyogeuza chanya na hasi, yaweza kuunguza kisanduku. Punguza sauti kabisa, washa umeme bila kugusa pedi wala kukanyaga pedeli, kisha ongeza sauti polepole. Tahadhari hii ya mwisho isipuuzwe: visikizio hukaa sikioni kabisa, na sikio lililoharibiwa na kelele haliponi.

Kasoro na sababu zake

(a) Pedi moja hailii. Tazama kwanza kama sauti ya pedi hiyo haikupunguzwa hadi sifuri katika kisanduku. Kisha chomoa waya kwenye pedi ya jirani iliyo nzima, ya aina ile ile, uuchomeke kwenye pedi iliyo bubu. Ikilia, hata kama ni kwa mlio wa jirani, pedi hiyo ni nzima na kasoro imo katika waya wake au tundu lake. Isipolia, kasoro imo ndani ya pedi. Mara nyingi ni waya mwembamba uliobanduka kwenye kisahani, na fundi wa redio huweza kuulehemu.

(b) Pedi hulia bila kupigwa. Mtikisiko wa pigo umesafiri katika fremu na kufika kwenye kisahani cha jirani. Tenga pedi zilizokaribiana mno, kaza vibano, kisha pandisha kidogo kizingiti cha pedi inayojiliza. Ukikipandisha mno, mapigo mepesi yatapotea.

(c) Pigo moja hutoa milio miwili. Kiwambo huendelea kutikisika baada ya kupigwa, na kisanduku hudhani kwamba ni pigo jipya. Kama kiwambo ni cha wavu, kikaze. Kisha ongeza muda ambao kisanduku hupuuza mitikisiko baada ya pigo. Hapa hesabu yafaa: mpigaji atoaye mapigo 16 kwa sekunde huacha kama milisekunde 62 baina ya pigo na pigo. Muda wa milisekunde 30 hautamzuia. Wa milisekunde 80 utameza baadhi ya mapigo yake.

(d) Mlio huchelewa. Mara nyingi kosa si la ngoma, bali la visikizio visivyo na waya, ambavyo huweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Katika muda huo sauti husafiri hewani kama mita 34. Ni kama kumsikiliza mpigaji aliye upande wa pili wa uwanja. Tumia visikizio vyenye waya.

Katika majaribio yote haya kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha upige na kusikiliza. Abadilishaye waya, kizingiti na tundu kwa pamoja huenda akaiponya ngoma, lakini hatajua alichoponya, na kasoro ikirudi ataanza upya.

Swali kwa wanafunzi: Pedi B ni bubu. Ikichomekwa waya wa pedi A, inalia. Ikipewa waya mpya uliochomekwa katika tundu lake la zamani, ni bubu tena. Kasoro iko wapi, na ni jaribio gani moja litakalothibitisha jibu lako?