SOKO LA SPEA: Filta ya Morris iuzwe pamoja na raba yake

Katika maduka ya spea ya Unguja, filta ya oili ya gari la Kijapani haina shida kuipata. Mwenye kuhangaika ni yule mwenye gari la zamani la Kiingereza, mfano Morris Minor 1000 lililoanza kutengenezwa mwaka 1956. Huyu akitaja gari lake dukani, huulizwa kwanza kama amekuja na sampuli.

Hata hivyo mali ipo. Morris Minor lilikuwa gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja, na kwa sababu hiyo spea zake bado zinatengenezwa huko. Mfanyabiashara anaweza kuagiza. Tatizo ni kujua aagize nini.

Filta ya gari hili si kopo zima la kufunga na kutupa. Ni chujio la karatasi linalokaa ndani ya bakuli la chuma. Bakuli hukazwa kwa bolti ndefu ya katikati, na juu yake huzibwa na raba ya duara iliyolala ndani ya mfereji. Hasara huanzia kwenye raba hiyo. Ile ya zamani hukauka na kuganda mfereji ukaonekana kama chuma kitupu. Fundi mwenye haraka huweka mpya juu yake. Raba mbili hazizibi. Injini ikiwaka oili husukumwa kwa nguvu ikavuja, na dereva asiyetazama taa ya oili atatoka Darajani na injini nzima akaishia njiani na injini iliyonoki.

Kinga yake haina gharama: raba ya zamani ichokolewe kwa kitu chenye ncha, mfereji usafishwe, mpya ikae sawasawa, bolti isikazwe kupita kiasi. Kisha injini iwashwe kidogo huku fundi akichungulia chini, izimwe, na oili ipimwe upya.

Wapo wanaofunga kipande cha kubadilishia ili watumie filta za kopo. Hiyo ni gharama ya mara moja, na baadaye filta hupatikana kwa wepesi. Lakini tahadhari: uzi wa inchi robo tatu na uzi wa milimita 20 hufanana kwa macho, wala haviingiliani. Filta inayolazimishwa huharibu meno yote mawili.

Kwa muuzaji, ushauri wetu ni kuuza chujio na raba katika pakiti moja. Anayeokoa senti za raba humpoteza mteja. Kwa mwenye mtaji mdogo anayetaka gari la zamani la kukodisha kwa harusi na watalii, aulize filta kabla ya kuuliza rangi. Rangi hupakwa tena wakati wowote, lakini injini iliyokufa humla faida ya msimu mzima.