Fundi, Mbao 40 na Saa 36

Mwaka 1938, katika mji wa Leningrad, watu wa maabara ya shirika la plaiwudi walimpelekea swali Leonid Kantorovich, profesa wa hisabati mwenye umri wa miaka 26. Walikuwa na mashine nane za kumenya magogo na aina tano za mbao. Kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina. Mashine ipi ipewe gogo lipi, ili kazi itoke nyingi iwezekanavyo bila kuongeza mashine hata moja?

Wanangu, swali lile ni kubwa, tulipunguze litoshe kwenye daftari. Chukueni seremala mwenye mbao 40 na saa 36 za kazi. Meza moja inakula mbao 4 na saa 2, nayo inampa faida ya shilingi 12,000. Kiti kimoja kinakula mbao 2 na saa 3, na faida yake ni shilingi 10,000. Atengeneze nini?

Wengi watasema meza, kwa kuwa ndiyo yenye faida kubwa. Haya, atengeneze meza tupu. Zitatoka 10, mbao zitakwisha, faida 120,000. Lakini saa 16 zitabaki bila kazi. Akitengeneza viti tupu vitatoka 12, faida ile ile 120,000, na safari hii mbao 16 zinabaki ukutani.

Sasa rudini kwenye zile meza 10, mfute moja. Mbao 4 zimeachiliwa, zinatosha viti viwili. Amepoteza 12,000, amepata 20,000, kwa hiyo yuko mbele kwa 8,000. Badilisho hilo moja linameza saa 4 kati ya zile 16 zilizokuwa zimelala. Abadilishe tena, na tena, mpaka mara ya nne. Sasa ana meza 6 na viti 8, mbao zimekwisha, saa zimekwisha, na faida ni 152,000. Kwa nini asiendelee? Kwa sababu saa hazipo tena. Ili apate viti viwili zaidi anahitaji saa 6, yaani aache meza tatu: apoteze 36,000 apate 20,000. Hapo ndipo pa kusimama.

Mkichora kwenye grafu, mpaka wa mbao ni mstari ulionyooka, na mpaka wa saa vilevile. Ndiyo maana hesabu hizi huitwa programu za mstari. Yote anayoyaweza seremala yamo ndani ya umbo lenye pembe nne, na jibu bora limekaa kwenye pembe ambapo mipaka hiyo miwili inakutana.

Kuna jambo jingine, na mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Mwongezeeni mbao 8, zifike 48. Je, aongeze kila kitu? La! Jibu jipya ni meza 9 na viti 6: viti vimepungua. Faida imekuwa 168,000, yaani kila ubao ulioongezwa umeleta 2,000. Kwa hiyo hesabu haimwambii fundi atengeneze nini tu, inamwambia pia kila kilichompungukia kina thamani gani kwake. Thamani za namna hii ndizo Kantorovich alizozitumia kutafuta jibu lake, alilolichapisha mwaka 1939. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Huko Marekani, George Dantzig, aliyekuwa akilifanyia kazi Jeshi la Anga, hakuwa na habari za kazi hiyo. Mwaka 1947 alibuni njia ya kutembea kutoka pembe hadi pembe, kila hatua ikiongeza faida, kama tulivyofuta meza zetu. Njia hiyo ilijaribiwa kwa swali la chakula: kati ya vyakula 77, vipi vitaupa mwili virutubisho tisa vinavyohitajika kwa gharama ndogo kabisa? Hakukuwa na kompyuta ya kuwasaidia. Makarani tisa walikokotoa kwa mashine za mkono, kazi ya takribani siku 120 kama ingefanywa na mtu mmoja. Leo kompyuta inalimaliza swali hilo kufumba na kufumbua.

Ninyi chukueni penseli. Rudisheni mbao ziwe 40, ila saa sasa ziwe 44. Meza ngapi, viti vingapi?