Usihamishe ua la shosho likiwa limechanua

Tulihama ploti Kasarani kuingia fleti mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, na mama alishikilia jambo moja tu: ua la shosho lisibaki nyuma. Ni lile jekundu, la mviringo kama mpira, linalochomoza ghafla masika yakianza hadi wapita njia wanatoa simu. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Mimi huyo, kijana wa mjini, nikachukua jembe nikaling'oa likiwa limechanua, nikalitia kwenye debe la rangi. Siku mbili, likalala chali. Mwaka uliofuata likatoa majani tu. Mama hakusema kitu, na hapo ndipo nilijua amekasirika.

Kumbe kosa lilikuwa wakati. Chini ya udongo kuna tunguu, kichwa kinachofanana na kitunguu, na hilo ndilo ghala. Ua hutumia akiba ya msimu uliopita, kisha majani hupika chakula cha mwaka ujao. Ukiivuruga kazi hiyo katikati, tunguu hubaki na njaa, nalo tunguu lenye njaa halichanui.

Kwa hivyo ngoja majani yageuke manjano na kukauka yenyewe. (Tafadhali usiyakate eti yanaharibu sura ya roshani.) Hapo tunguu limelala. Chimba kwa mbali kidogo, polepole. Huenda ukakuta vitoto vimeshikamana na mama yao, maana ndivyo linavyoongezeka, japo taratibu mno. Tenga vile vyenye mizizi yao. Panda shingo ikiwa sawa na uso wa udongo, penye kivuli chepesi na pasipotuama maji, na usimwagilie sana hadi mvua irudi. Mbegu za yale matunda mekundu pia huota zikipandwa zikiwa mbichi, lakini utasubiri ua kwa miaka kadhaa.

Tulipu za Ulaya nazo huhamishwa majani yakishakauka. Tofauti ni kwamba zenyewe huhitaji wiki nyingi za baridi kali ardhini kabla ya kuchanua, ndiyo maana ukizipanda Nairobi hutapata ua la mwaka wa pili.

Halafu jamani, tunguu hili lina sumu. Liweke mbali na watoto na mbwa, na usiende kulichimba msituni.

Debe la mama lilichanua tena masika ya mwaka wa tatu. Vitoto viwili nilimpelekea dada yangu Rongai baadaye, majani yalipokauka. Amenitumia picha: majani yapo, ua bado.