Stendi ya baiskeli: kipande cha chuma kinachogusa faida ya mchuuzi

Msimu wa mpunga unapofika mwisho katika bonde la Kilangali, wilayani Kilosa, baiskeli hurudia kazi yake ya kila mwaka ya kutangulia Fuso. Gunia hutolewa jarubani likiwa juu ya keria, hufikishwa kwenye mashine ya kukoboa au kando ya barabara, na hapo ndipo mnunuzi mkubwa wa kutoka Kilosa mjini, Mikumi au Morogoro huanza kuhesabu. Kati ya shamba na lori upo mwendo wa kilomita chache ambao gharama zake haziandikwi kwenye daftari la mtu yeyote.

Moja ya gharama hizo ni stendi. Mwenye duka la vipuri huiona kama bidhaa ndogo inayoning'inia kwenye msumari, na mchuuzi huiona kama kitu alichokuta kimefungwa kwenye baiskeli aliponunua. Wengine huing'oa kwa sababu inapiga kelele. Wengine huifunga kisha hushangaa mzigo ulipoanguka. Safu hii inaona kuwa jambo hili linastahili hesabu, hasa kwa mwenye mtaji mdogo ambaye baiskeli ndiyo gari lake, ghala lake na wakati mwingine meza yake ya kuuzia.

Aina mbili, kazi mbili

Sokoni zipo stendi za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya nyuma, yenye miguu miwili, inayofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Ukiivuta baiskeli kurudi nyuma, gurudumu la nyuma huinuka na chombo husimama wima. Hii ndiyo stendi ya baiskeli nzito za inchi 28, kama Phoenix ya China na Hero au Avon za India, ambazo zimetawala vijiji vyetu tangu biashara ya nje ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Wasomaji wenye umri watakumbuka pia Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO. Baiskeli za mtumba kutoka Japan, zile ambazo Wajapani wenyewe huziita mamachari, nazo mara nyingi huja na stendi ya nyuma, tena yenye kikufuli kidogo cha kuizuia isijifunge yenyewe.

Ya pili ni stendi ya mguu mmoja, inayofungwa ubavuni, nyuma kidogo ya pedali. Huja na baiskeli nyepesi za gia. Ni rahisi kuitumia kwa kisigino, haipotezi muda, na kwa mtu anayekwenda ofisini au shuleni inatosha kabisa.

Tatizo huanza pale chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja kinapofungwa keria na kupakiwa madebe. Hapa inafaa kueleza kidogo, maana hasara nyingi zinatokana na kutoelewa jambo hili.

Baiskeli iliyosimama kwa stendi ya mguu mmoja inagusa ardhi mahali patatu: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma na ncha ya stendi. Ukiunganisha sehemu hizo kwa mistari unapata pembetatu. Baiskeli itasimama maadamu uzito wake wote, pamoja na mzigo, unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Sasa tazama mzigo ulipo. Uko juu ya keria, yaani juu ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo pembetatu imekuwa kona nyembamba. Aidha, baiskeli imeinama kuelekea upande wa stendi. Tuchukulie katikati ya mzigo ni sentimita 90 kutoka ardhini na baiskeli imeinama nyuzi 10: uzito huo unaangukia takriban sentimita 16 kando ya mstari wa magurudumu. Ncha ya stendi yenyewe haiko mbali sana kupita hapo, na iko mbele, karibu na pedali, wakati mzigo uko nyuma. Kinachofuata kila mchuuzi anakijua. Gurudumu la mbele linageuka, usukani unapinda, na chombo kinakwenda chini taratibu kama mtu aliyelewa.

Stendi ya nyuma haina kasoro hiyo. Miguu yake miwili imeachana, iko karibu na chini ya mzigo, na baiskeli imesimama wima. Ndiyo maana watengenezaji wa baiskeli za kazi hawajaiacha. Shirika la World Bicycle Relief la Marekani, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipobuni baiskeli yake ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, liliweka keria ya kubeba kilo 100 na stendi imara ya nyuma. Baiskeli hizo zinaunganishwa Kisumu, Kenya, miongoni mwa sehemu nyingine.

Udongo wa mbuga haujali aina

Kilangali ni nchi ya mpunga. Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA), ulioanzishwa mwaka 2006, una shamba lake la mbegu huko, na udongo mweusi wa mabondeni unaoupenda mpunga ndio huohuo usiopenda stendi. Mvua za masika zikinyesha, Machi hadi Mei, ardhi hiyo hushika tairi na kumeza kila chenye ncha.

Hesabu yake ni nyepesi. Ncha ya mguu wa stendi yenye upana wa sentimita mbili kwa mbili ina eneo la sentimita nne za mraba. Ikibeba kilo 30 tu, kila sentimita ya mraba inashindilia ardhi kwa kilo saba na nusu. Tairi husambaza uzito wake kwenye eneo kubwa zaidi, stendi haifanyi hivyo. Mguu mmoja ukizama kuliko mwenzake, hata stendi ya nyuma inaangusha mzigo. Dawa ni kipande cha ubao, kifuniko cha kopo au kandambili kuukuu chini ya kila mguu. Ni kitu kidogo kinachoweza kufungwa chini ya tandiko kwa mpira wa tyubu, lakini ni wachache wanaokibeba.

Jambo jingine ni mteremko. Stendi ya nyuma hufunguka baiskeli inaposukumwa mbele. Ukiiegesha ikitazama bondeni, mtikisiko mdogo tu unaitoa kwenye stendi na kuipeleka inakotaka. Itazamishe mlimani, na ufunge breki ya mbele kwa mpira.

Gunia zima ni habari nyingine

Hapa safu hii inatofautiana na wauzaji wanaosema stendi ya nyuma inamaliza kila kitu. Debe la lita 20 la mpunga lina uzito wa kilo 11 au 12 hivi. Madebe mawili au matatu juu ya stendi ya nyuma, kwenye ardhi ngumu, hayana shida. Gunia la kilo 100 ni jambo tofauti. (Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na kikomo chake ni hizo kilo 100 kwa gunia. Mwenye kubeba lumbesa kwa baiskeli anajiibia mwenyewe mara mbili, kwa mnunuzi na kwa fundi.)

Kupandisha baiskeli yenye gunia juu ya stendi kunahitaji kuinua karibu uzito wote wa nyuma. Mtu mmoja hawezi bila kujiumiza kiuno. Kuishusha ni kubaya zaidi: gurudumu linaanguka sentimita kadhaa likiwa na mzigo wote, na pigo hilo linapokelewa na spoku na rimu. Spoku zikikatika moja baada ya nyingine, mwenye baiskeli hulaumu barabara, kumbe chanzo kiko pale alipopakia.

Wabeba mkaa na wabeba magunia walilitatua zamani kwa mti wa panda. Panda inakinga chini ya tandiko au keria, magurudumu yote mawili yanabaki ardhini, na mwendeshaji akiwa tayari anaondoa mti na kwenda nao. Haina springi ya kukatika wala nati ya kulegea. Ina kasoro zake, hasa kwenye upepo na mahali penye watu wengi, na inataka mkono mwepesi wakati wa kuiondoa. Lakini kwa gunia zima, panda ni bora kuliko stendi nyingi zinazouzwa madukani, na safu hii haioni aibu kusema hivyo kwa wafanyabiashara wa vipuri.

Uzito, fundi na kelele

Wapinzani wa stendi hutaja uzito. Kwa mashindano ya baiskeli hoja hiyo ina nguvu. Kwa mchuuzi haina. Stendi ya nyuma ina kilo moja au zaidi kidogo. Mwendeshaji wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 100 jumla ni kilo 180, hivyo kilo moja ya stendi ni chini ya asilimia moja. Atakayeacha stendi nyumbani ili awe mwepesi aanze kwanza kwa kutia upepo wa kutosha kwenye matairi.

Hoja nzito zaidi ni ya matengenezo. Stendi ya nyuma inatumia nati zilezile za ekseli. Kila ukitoa gurudumu kwa pancha, unatoa na stendi. Fundi mwenye haraka hukaza upande mmoja kuliko mwingine, gurudumu linakaa upande, cheni inalegea. Stendi ya ubavuni nayo ikikazwa kupita kiasi inaminya fito za fremu zinazokwenda nyuma, na fremu nyembamba ikishaminywa haina fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Ikilegea, inazunguka.

Lakini adui mkubwa ni springi. Ikikatika au kuchoka, stendi inashuka wakati wa mwendo. Kwenye kona ya kushoto mguu wa ubavuni unaweza kugota ardhi na kumtupa mwendeshaji. Wengi hufunga kwa mpira wa tyubu, jambo linalofaa kwa siku moja au mbili, siyo kwa msimu mzima.

Hasara huanguka kwa nani

Tuchukue mchuuzi wa maziwa anayekusanya kwa wafugaji na kupeleka mjini. Tuseme, kwa mfano, faida yake ni moja ya tano ya bei ya kuuza. Dumu moja la lita 20 likimwagika, amepoteza fedha za kununulia zinazolingana na faida ya madumu manne. Yaani safari nne za kufidia pigo la sekunde mbili. Kwa mayai hesabu ni kali hivyohivyo, maana trei ina mayai 30 na hakuna mnunuzi wa yai lililopasuka kwa bei ya yai zima. Mpunga una unafuu, unazoleka, ila ukizolewa na mchanga na mawe utapewa bei ya mpunga wenye mawe.

Wapo pia ambao kwao stendi ni mtaji kamili. Mnoa visu wa mjini anaegesha baiskeli juu ya stendi ya nyuma, gurudumu linakuwa huru, anapiga pedali na jiwe linazunguka. Bila stendi hana biashara. Muuza mikate au samaki anayesimama nyumba kwa nyumba hufungua na kufunga stendi mara nyingi kwa siku, na baiskeli yake ikisimama ndiyo kaunta.

Kwa anayekodisha baiskeli, ushauri wetu ni stendi ya nyuma kwenye kila chombo. Mkodishaji hana uchungu na mali ya mwenzake. Baiskeli isiyo na stendi huegeshwa ukutani, huteleza, na gharama yake huonekana kwenye pedali zilizopinda, breki zilizovunjika na usukani uliokaa upande. Tangu pikipiki zilipochukua abiria katika miaka ya 2000, faida ya kukodisha baiskeli haina nafasi ya kubeba matengenezo ya kila wiki.

Kwa mwenye duka

Vipimo ndivyo vinavyolaza mtaji. Stendi ya nyuma ya baiskeli ya inchi 28 ikifungwa kwenye ya inchi 26 inainua nyuma kupita kiasi na baiskeli inakuwa rahisi kuporomoka mbele. Ya inchi 26 kwenye inchi 28 haifikishi gurudumu hewani, na mteja atairudisha siku hiyohiyo. Kabla ya kuagiza, hesabu baiskeli zinazopita mbele ya duka lako kwa siku moja ya gulio, ukubwa gani ni nyingi, kisha agiza kwa uwiano huo. Usiagize kwa mkumbo wa bei ya jumla.

Stendi nzima inauzwa mara moja kwa miaka kadhaa, wakati springi na nati zake zinaisha kila msimu. Mwenye fedha ya kuongeza bidhaa moja tu kabla ya mavuno ya Mei hadi Julai aweke springi nyingi za aina zote mbili, na stendi chache za kuning'iniza msumarini. Anayenunua baiskeli mpya naye aijaribu stendi palepale dukani: aipandishe, apachike kilo 20 kwenye keria, aisukume kidogo upande huu na huu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, maduka mengine yapo.